Kikundi Kikishatawanyika: Jinsi ya Kuitembea Geneva kwa Kufuata Maji Yake

Safari nyingi za vikundi zinazotoka Nairobi kwenda Ulaya, ziwe zimeandaliwa na kanisa, na chama cha akina mama au na mwajiri, hufuata mkondo unaofanana: siku chache Ufaransa, siku chache Italia, basi moja kubwa, hoteli mpya kila baada ya usiku mmoja au miwili, na mwishoni mji wenye uwanja wa ndege ambako watu huachiwa siku ya mapumziko kabla ya kurudi nyumbani. Geneva, iliyoko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Ziwa Léman nchini Uswisi, ni mmoja wa miji hiyo. Siku hiyo ya mwisho ndiyo hupotea kirahisi kuliko zote, kwa sababu msafiri amekwisha kuzoea kuambiwa ashuke wapi, apige picha wapi na arudi kwenye basi saa ngapi, na anapoachiwa mji mzima huishia katika duka la chokoleti lililo karibu na hoteli. Mwongozo huu unapendekeza njia moja ambayo mtu anaweza kuishika kichwani bila kutazama ramani kila dakika, nayo ni kuyafuata maji. Anzia ziwani, pita nayo chini ya madaraja, yasindikize hadi yanapokutana na mto mwingine, kisha ndipo upande kwenye mji wa kale.

Mambo ya kumaliza kabla ya siku hiyo

Ikiwa unanuia kubaki Geneva siku moja au mbili baada ya wenzako kuondoka, uamuzi huo ufanyike ukiwa bado Nairobi, wakati wa kuomba viza, wala usisubiri hadi mtakapofika Ulaya. Kibandiko cha viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, huonyesha tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Wasafiri wengi huitazama tarehe ya mwisho pekee na kuisahau ile idadi ya siku, ambayo ndiyo inayowafunga. Aliyepewa siku kumi na mbili amevunja sheria akiwa bado huko siku ya kumi na tatu, hata kama tarehe ya mwisho kwenye kibandiko haijafika, na katika hesabu hiyo siku ya kuingia na siku ya kutoka zote mbili huhesabiwa. Bima ya safari nayo, ambayo sharti iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ni lazima ifikie siku zako za ziada. Muulize pia wakala kama tiketi yako ya ndege ni ya kikundi, kwa kuwa tiketi za namna hiyo mara nyingi hazibadilishwi kwa mtu mmoja mmoja zikishatolewa.

Uswisi iliingia katika eneo la Schengen mwaka 2008, kwa hiyo kuvuka mpaka kutoka Ufaransa au Italia hakuhitaji viza nyingine. Hata hivyo nchi hiyo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na jambo hili lina madhara matatu ambayo humshtua msafiri wa mwisho wa safari. La kwanza ni fedha: sarafu yake ni faranga ya Uswisi, na duka likikubali euro, chenji huwa ni ya faranga. La pili ni simu, kwani laini nyingi za data zinazouzwa kwa ajili ya nchi za Umoja wa Ulaya haziihesabu Uswisi, na mtu anaweza kumaliza salio lote kwa kufungua ramani mara chache. Pakua ramani ya Geneva ukiwa kwenye intaneti ya hoteli ili uitumie bila data. La tatu linahusu umeme. Soketi za Uswisi zina umbo lake, na ile plagi nene ya mviringo iliyokufaa Ufaransa haiingii humo, ilhali ile nyembamba ya pini mbili huingia bila tatizo. Beba adapta inayofaa, kwa sababu simu iliyozimika siku ya kutembea peke yako ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa mlipokuwa pamoja.

Jambo jingine la kudai mapema ni kadi ya usafiri. Wageni wanaolala katika hoteli na hosteli za Geneva hupewa bila malipo kadi iitwayo Geneva Transport Card, inayowaruhusu kutumia mabasi, tramu, treni za mjini na mashua ndogo za ziwani kwa muda wote wa kukaa kwao. Kwa kuwa vyumba vya kikundi hulipiwa na wakala, huenda kadi hizo zikatumwa kwake au kwa kiongozi wa msafara, ambaye kwa shughuli zake nyingi anaweza kusahau kuzigawa. Mwombe kwa upole jioni mnayofika. Asiye na kadi anunue tiketi kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, maana kwenye tramu hakuna makanga wa kumlipa, na wakaguzi hutoza faini bila kujali kwamba wewe ni mgeni.

Asubuhi: kutoka ziwani hadi Jonction

Tembea kutoka kituo cha treni cha Cornavin kuelekea chini, na baada ya muda mfupi utafika kwenye ukingo wa kulia wa ziwa, mahali paitwapo Pâquis. Mitaa iliyo kati ya kituo na ziwa ina vibaka kama ilivyo mitaa ya karibu na vituo katika miji mingi, kwa hiyo mkoba ukae mbele. Kwenye gati refu linaloingia ndani ya maji kuna Bains des Pâquis, bwawa la umma la kuogelea ziwani ambalo majengo yake ya sasa ni ya mwaka 1932. Wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi na wazee wa mtaa hukutana hapo tangu asubuhi, wengine kuogelea na wengine kunywa kahawa tu. Nashauri kifungua kinywa kiliwe hapo badala ya hotelini, kwa sababu hapo ndipo utakapowaona wenyeji wakiishi na ziwa lao.

Kama anga ni safi, tazama upande wa kusini-mashariki, juu ya mji. Kilele cheupe kinachoonekana kwa mbali ni Mont Blanc, mlima unaopita mita 4,800 kwa urefu. Mkenya anaweza kuutazama kwa utulivu, maana Mlima Kenya, wenye mita 5,199, unaupita. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 580, kiasi kidogo sana kwa mtu aliyekulia Kisumu, lakini kina chake kinafika mita 310, na hilo ndilo linaloyafanya maji yake kuwa baridi hata mwezi wa Juni.

Hapo Pâquis panda mojawapo ya mashua ndogo za rangi nyekundu na manjano ziitwazo mouettes. Ile inayokwenda Eaux-Vives itakuvusha hadi ukingo wa kushoto kwa dakika chache, na kadi yako ya usafiri inatosha. Watalii wengi hulipia ziara ya mashua ya saa moja bila kujua kwamba kivuko hiki cha kawaida kinawapa mandhari ileile ya bandari. Aliye na nusu siku ya ziada na fedha za kutosha afikirie badala yake meli za zamani zenye magurudumu ya pembeni, kama vile Savoie ya mwaka 1914, zinazosafiri hadi Nyon, Lausanne na kijiji cha Yvoire kilichoko upande wa Ufaransa. Huko Yvoire atakuwa amevuka mpaka, hivyo pasipoti iwe mfukoni.

Ukishuka Eaux-Vives utakuwa karibu na Jet d'Eau, ule mrusho wa maji unaofika mita 140 angani na ambao picha yake iko kwenye kila kadi ya posta ya Geneva. Chanzo chake kinastahili kujulikana. Mwaka 1886 mji ulikuwa na kiwanda kilichotumia nguvu ya mto kusukuma maji yenye shinikizo hadi kwenye karakana za mafundi. Jioni mafundi walipozima mashine zao, shinikizo liliongezeka ghafla ndani ya mabomba, na ili yasipasuke wahandisi walifungua vali iliyoyatoa maji ya ziada kwenda juu. Watu wakapenda kuyatazama, na mwaka 1891 mrusho huo ulihamishiwa ziwani ukawa pambo la mji. Pampu za leo, ambazo ni za mwaka 1951, hurusha lita 500 kila sekunde kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Upepo ukiwa mkali huzimwa, hasa unapovuma ule uitwao bise, utokao kaskazini-mashariki kama kaskazi ya pwani yetu, ila huu hukausha midomo na kupenya sweta mbili. Ukikuta umezimwa asubuhi, rudi kuutazama alasiri.

Kutoka hapo fuata ukingo kuelekea mjini. Utapita bustani yenye saa ya maua iliyowekwa mwaka 1955. Ni nzuri, lakini dakika mbili zinaitosha na foleni ya kupiga picha mbele yake haistahili muda wako. Endelea hadi Pont du Mont-Blanc. Simama katikati ya daraja hilo na uangalie chini, kwa maana hapa ziwa linaisha na mto Rhône unaanza safari yake ya kwenda Ufaransa na hatimaye Bahari ya Mediterania. Mto huohuo uliingia ziwani upande wa pili, kilomita zipatazo 70 kutoka hapa, ukiwa umebeba tope laini la barafu za milima ya Alps. Tope hilo hutulia chini ya ziwa, na maji yanayotoka Geneva huwa yamechujika hadi unaweza kuona mawe kwenye sakafu ya mto.

Teremka pamoja na mto. Kisiwa kidogo cha Rousseau kina sanamu ya mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1712 na ambaye vitabu vyake vilichomwa kwa amri ya watawala wa mji huohuo mwaka 1762. Mbele kidogo kuna Pont de l'Île, daraja lililo mahali ambapo watu wamevuka mto huu tangu kale. Mwaka wa 58 kabla ya Kristo Julius Caesar aliamuru daraja la Geneva livunjwe ili kuwazuia Wahelveti, kabila lililoishi katika Uswisi ya leo, wasipite. Baada ya hapo majengo ya benki yanapungua na mto unabaki na wenyeji wake. Utaona jengo refu la mawe lililosimama ndani ya maji, Bâtiment des Forces Motrices, lililogeuzwa kuwa ukumbi wa maonyesho. Hiki ndicho kiwanda kilichoizaa Jet d'Eau, na ni ajabu kwamba maelfu ya watu hupiga picha ya mrusho ule bila hata mmoja kutembea hadi hapa. Karibu yake kuna bwawa la Seujet, ambalo tangu mwaka 1995 ndilo linalodhibiti kiwango cha maji ya ziwa lote.

Kutoka hapo shika njia ya miguu ya ukingo wa kushoto hadi mahali ardhi inapokwisha kama ncha ya mkuki. Panaitwa Jonction, na umbali wote kutoka Jet d'Eau ni kama kilomita tatu za mwendo wa taratibu. Hapa Rhône unakutana na Arve, mto unaoshuka moja kwa moja kutoka kwenye barafu za Mont Blanc bila kupitia ziwa lolote, na kwa hiyo umebeba tope lake lote. Maji ya buluu na maji ya kijivu hutiririka sambamba yakiwa na mpaka unaoonekana wazi kabla ya kuchanganyika. Mandhari yaliyo bora kuliko yote yako juu ya daraja la reli la Viaduc de la Jonction, lenye njia ya wapita miguu; kulifikia kunahitaji kupanda kidogo, na mwenye magoti mabaya aende polepole lakini asiache. Wakati wa joto utawaona vijana wakijiachia mtoni na kubebwa na mkondo. Usiwaige. Maji ni baridi, mkondo una nguvu, na wao wanajua mahali pa kutokea.

Alasiri: mji wa juu

Ukitoka Jonction rudi kwa miguu kuelekea Plainpalais. Njiani kuna Cimetière des Rois, makaburi tulivu ambamo kuna alama ya kaburi la Yohana Calvin, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti yaitwayo Matengenezo ya Kanisa, ingawa yeye mwenyewe alitaka azikwe bila jiwe la kumbukumbu na hakuna mwenye hakika ya mahali hasa alipolazwa. Uwanja wa Plainpalais una soko la vitu vikuukuu siku za Jumatano na Jumamosi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi bustani ya Bastions, ambako wazee hucheza sataranji kwa vipande vikubwa vya kusukumwa ardhini.

Ndani ya bustani hiyo kuna Ukuta wa Matengenezo ya Kanisa, ulioanza kujengwa mwaka 1909, miaka 400 baada ya Calvin kuzaliwa. Sanamu nne za katikati, zenye urefu wa mita tano kila moja, ni za Farel, Calvin, Beza na Knox. Kwa msafiri wa Nairobi, hasa mshiriki wa PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki), mahali hapa panastahili nusu saa nzima. John Knox alikimbilia Geneva alipotafutwa wakati wa utawala wa Malkia Mary wa Uingereza, akawahudumia wakimbizi waliozungumza Kiingereza kati ya mwaka 1556 na 1559, kisha akarudi Scotland na kuongoza matengenezo ya kanisa huko. Wamisionari wa kutoka Scotland ndio walioanza kazi Kibwezi mwaka 1891 na baada ya miaka michache wakahamia Kikuyu, na matunda ya kazi yao ndiyo PCEA ya leo. Kwa hiyo anayeabudu Thogoto au katika Kanisa la Mtakatifu Andrea jijini Nairobi ana nasaba inayofika kwenye ukuta huu, na sioni kwa nini viongozi wa misafara ya makanisa huupita kwa basi bila kusimama.

Panda ngazi hadi matembezi ya Treille, penye benchi moja la mbao linalopita mita 100 kwa urefu, pumzika, kisha ingia mji wa kale. Kanisa kuu la Saint-Pierre lilianza kujengwa karne ya 12, na mwaka 1536, mji ulipokubali matengenezo, mapambo yake mengi yaliondolewa, ndiyo maana ndani pametulia na pana uwazi mkubwa. Kuingia ni bure. Kupanda minara hulipiwa, na ngazi zinapita 150, lakini ukiwa juu utaiona njia yako yote ya asubuhi kuanzia bandarini hadi mtoni. Kando yake ni Auditoire de Calvin, kanisa dogo alimohubiri Knox, ambamo kuna ibada ya Kiingereza ya Kanisa la Scotland kila Jumapili. Mwislamu anayetafuta mahali pa kuswali atakwenda upande wa pili wa mto, kwenye msikiti wa Petit-Saconnex.

Kama siku yako ya mwisho ni Jumapili, fahamu kwamba maduka karibu yote hufungwa, isipokuwa yale ya kituo cha Cornavin na ya uwanja wa ndege. Nunua zawadi Jumamosi. Chokoleti nzuri inapatikana katika supamaketi za Migros na Coop kwa bei ya chini sana kuliko ya maduka ya watalii, na waliobaki nyumbani hawatatambua tofauti ya mfuko. Supamaketi hizo hizo huuza chakula kilichopikwa, nao ni msaada mkubwa katika mji ambao mlo mmoja wa mgahawani unaweza kumaliza posho ya siku mbili. Maji usinunue: jaza chupa yako kwenye chemchemi za mitaani, ila pale palipoandikwa « eau non potable », yaani hayafai kunywewa. Ukialikwa kula fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate, fahamu kwamba hupikwa kwa divai nyeupe na mara nyingi huongezwa pombe kali, kwa hiyo wasiotumia kileo waulize kwanza. Minofu ya samaki aitwaye perche husifiwa kuwa chakula cha ziwani, lakini mingi huletwa kutoka nchi nyingine. Muulize mhudumu bila haya. Na kabla ya kuuliza lolote, sema « bonjour ». Kama ilivyo kwetu, kuanza na swali kabla ya salamu ni utovu wa adabu.

Saa za mwanga pia zipangiwe. Sisi tumezoea giza kuingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Geneva mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayesafiri wakati wa Krismasi aianze njia ya mto mapema asubuhi, la sivyo Jonction ataikuta gizani.

Ukipata asubuhi ya ziada

Panda tramu nambari 15 hadi kituo cha Nations. Palais des Nations ni ofisi kuu ya Umoja wa Mataifa barani Ulaya, mwenzake wa ile ya Gigiri, kwa maana ofisi kuu nne za Umoja huo ziko New York, Geneva, Vienna na Nairobi. Kuingia kunahitaji kuweka nafasi mapema na kuonyesha pasipoti. Hata usipoingia, kiti kikubwa chenye mguu uliovunjika kilichoko uwanjani, kilichosimamishwa mwaka 1997 kuwakumbuka waliojeruhiwa na mabomu ya ardhini, hutazamwa bure. Mji huu ndio pia ambao Mfalme Haile Selassie alisimama tarehe 30 Juni 1936 mbele ya Shirika la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kuitetea Ethiopia iliyovamiwa na Italia. Ng'ambo ya barabara kuna makumbusho ya Msalaba Mwekundu, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1863; makumbusho hayo hufungwa Jumatatu.

Siku ya kuondoka, mizigo inaweza kuwekwa kwenye makabati ya kulipia pale Cornavin ikiwa hoteli haitakuhifadhia. Treni kutoka hapo hadi uwanja wa ndege huchukua dakika saba hivi. Uwanja huo una sehemu ya Uswisi na sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo kabla ya kukodi gari au kupanga mtu akupeleke, soma tiketi yako uone unaondokea sehemu ipi.